Je, Waislamu wa Pwani Walikataa Shule?

Zungumza na mtu yeyote kuhusu elimu ya pwani, awe wa bara au mwenyeji aliyesoma sana, hukawii kusikia hukumu hii: Waislamu waliikataa shule, wakang'ang'ania chuo cha Kurani, ndiyo maana wakaachwa nyuma. Hukumu hiyo ina ukweli ndani yake, nami nitaufikia. Ila inaianza hadithi katikati.

Ziko barua za Kilwa za mwaka 1711, za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, zilizohifadhiwa Goa, India, mpaka leo. Mwaka 1858, Mwana Kupona, mshairi na mjane wa mtawala wa Siu, alikuwa mgonjwa. Akamtungia binti yake utenzi wa wasia, na karibu na mwanzo wake anamwita aje akae naye, na wino na karatasi. Hapo ndipo ninaposimama kila nikiusoma. Mama hamwambii binti yake sikiliza tu. Anamwambia aje na vyombo vya kuandikia, na hilo analisema kama jambo la kawaida la nyumbani. Mwaka huo hapakuwa na shule ya serikali pwani yote. Msichana yule alipata wapi herufi, kama si katika mkondo huohuo wa chuo ambao leo unaitwa kizuizi cha elimu?

Wakoloni walizikuta herufi hizo zikifanya kazi. Wajerumani wenyewe mwanzoni waliandikiana na maliwali na maakida, yaani maafisa wenyeji wa utawala, kwa hati ya Kiarabu, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa ikisomeka. Baadaye hati ya Kirumi ikachukua nafasi, na Kamati ya Lugha ilipoanza kazi mwaka 1930 ya kusanifisha Kiswahili, vitabu vya shule vikaendelea katika hati hiyo. Tafakari maana yake kwa mtu mzima wa wakati ule. Anaandika hati za mashamba, anaweka hesabu za madeni, anasoma barua ya nduguye kutoka Maskati, anaisoma Kurani juzuu zote 30. Akifika ofisini, hajui kusoma. Hakusahau hata herufi moja. Ofisi ndiyo iliyoacha kuzitambua. Na mwanawe akaambiwa aanze na a, e, i, o, u kama mtoto ambaye hajawahi kushika kalamu, ilhali miaka miwili mitatu alishazoea ubao, irabu na nidhamu ya kukaa na somo mpaka liingie. Nadhani hasara hii hatujaikadiria hata kidogo, kwa sababu tumeshazoea kuhesabu kusoma kwa kipimo cha yule aliyebadilisha herufi.

Kwa hiyo shule ya serikali ilipofunguliwa Unguja mwanzoni mwa karne ya 20, na wazazi wengi wakawazuia watoto, walikuwa na hoja. Dini haikuwa na nafasi ya maana katika ratiba. Kwingineko Afrika Mashariki shule nyingi zilikuwa za misheni, na mzazi alijua kwamba mtoto angeweza kuingia na jina moja akatoka na jingine. Kurani na dini zilipoingizwa katika shule za Zanzibar, wazazi walianza kulegeza. Mtu anayechukia elimu halegezwi na ratiba.

Sasa upande wa pili, ambao hoja zake ni nzito. Hofu ya haki inaweza kuzaa hasara ileile inayozaliwa na ujinga. Waliosoma misheni ndio waliokuja kuwa makarani, madaktari na mahakimu. Wajukuu wa wale waliozuiwa nyumbani wakabaki wakiomba kuandikiwa fomu. Wala dini haikuwaamuru wazuie. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliweka tiba na hesabu katika fardhi kifaya, yaani wajibu wa jamii nzima ambao lazima baadhi yao wautimize, akalalamika kwamba miji inajaa wanafunzi wa fikihi, yaani sheria ya dini, huku tabibu ni dhimmi peke yake, yaani asiye Muislamu anayeishi chini ya dola ya Kiislamu. (Tuache kubandika ukutani ile hadithi ya Mtume isemayo tafuteni elimu hata China, ambayo wanavyuoni wa hadithi wameidhoofisha. Iliyo na nguvu kuliko hiyo, kwamba kutafuta elimu ni faradhi kwa kila Muislamu, inatosha kabisa.)

Mombasa ilikuwa na mtu aliyeyasema haya mapema. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, Kadhi Mkuu wa Kenya kuanzia 1937 hadi alipofariki 1947, alitoa gazeti la Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932. Humo aliwalaumu Waislamu wenzake kwa kuzembea elimu za kisasa na kuwanyima wasichana masomo, na humohumo akawaonya wasiige mila za Kizungu kana kwamba suti ndiyo elimu. Wengi humnukuu nusu moja tu, kila mtu ile anayoipenda. Mwanawe Ali akawa profesa wa siasa Makerere, kisha Marekani. Na mwaka 1951 ikafunguliwa Mombasa taasisi ya ufundi kwa Waislamu, iliyochangiwa na Sultani wa Zanzibar, Aga Khan, kiongozi wa Waismailia, na Mabohora, jumuiya ya Kishia yenye asili ya India. Ndiyo Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa cha leo.

Chuo cha Kurani nacho kina madhambi yake, na anayekitetea asiyafiche. Fimbo imewatoa watoto wengi katika Kurani kuliko skrini yoyote. Kuna aliyehitimu juzuu zote bila kufahamu aya moja ya anachokisoma, na mwalimu wake hajawahi kufundishwa namna ya kumfundisha mtoto.

Lakini angalia kilichotokea mwaka 1986, pale Bi Swafiya Said na wenzake, kwa msaada wa Wakfu wa Aga Khan, walipoanza madrasa za awali Mombasa. Hawakukifunga chuo. Walikaa na jamii, wakachukua nyimbo, hadithi na maadili ya Kiislamu, wakayaweka pamoja na hesabu na michezo ya kujifunzia, kwa vifaa vilivyotengenezwa na kinamama kutokana na makuti, vifuu na mbao. Mpango ukavuka hadi Zanzibar na Uganda, madrasa zikapita 200. Wazazi walewale wanaosemwa kuwa walikataa shule ndio waliotoa vyumba na kuchagua kamati za kuziendesha.

Leo mtoto wa Kisauni, Mombasa, au Ng'ambo, Unguja, anakwenda shule asubuhi, madrasa jioni, na Jumamosi mzazi anachagua kati ya Kurani na twisheni. Twisheni inashinda, kwa sababu mwishoni mwake kuna mtihani na cheti. Naielewa hesabu ya mzazi huyo na simlaumu. Ninachokitaka ni shule imuulize mtoto, siku anayoandikishwa, anajua kusoma nini tayari, na kama ni juzuu amma, ile ya mwisho ya Kurani, iandikwe. Na yule mwalimu wa chuo aliyemfikisha hapo, anayelipwa vijisenti vya wiki na mara nyingine sahani ya wali, naye aingizwe katika mafunzo ya ualimu na apewe mshahara.