Sukari Niachieni Niitie Mwenyewe

Wengi wanaoniambia hawapendi ramu, ile pombe kali ya miwa, hutoa sababu moja: ni tamu mno. Siwalaumu, maana chupa walizoonjeshwa ni tamu kweli. Ila utamu ule hautoki kwenye muwa. Hamira hula sukari ya molasi, ule uji mweusi unaobaki sukari inapotengenezwa, au ya maji ya miwa na kuigeuza kilevi, kisha kilevi hicho hukenekwa. Mvuke unapopanda, sukari yoyote iliyosalia hubaki chini mtamboni. Kinachodondoka upande wa pili ni kikavu, yaani hakina sukari, sawa na wiski au vodka. Pipa la mwaloni huleta rangi, harufu ya vanila na ukali wa viungo, lakini sukari inayotoka kwenye mbao ni chembe tu. Ramu ikikuganda midomoni kama sharubati, kuna mtu ameitia sukari kabla haijafungwa kizibo, na mara nyingi hakuandika kwenye lebo.

Hilo linanikera kuliko jambo lolote lingine kuhusu ramu. Sheria ya Umoja wa Ulaya inaruhusu hadi gramu 20 kwa lita, yaani gramu 14 ndani ya chupa ya mililita 700, na kinywaji bado kikaitwa ramu. Sukari nyingi kiasi hicho hulainisha kila kitu. Ramu changa iliyokaa pipani muda mfupi huanza kujifanya mzee, na ramu nzuri hupoteza sura yake, huwezi kujua tena imetoka kisiwa gani wala mtambo gani. Ongeza hapo zile namba kubwa zilizochapwa mbele ya chupa bila neno "miaka" kuzifuata, mnunuzi akadhani ananunua umri.

Mwenye kutaka uhakika anaweza kupima. Hidrometa ya kilevi husoma uzito wa kimiminika, na sukari huongeza uzito huo. Mimina ramu ya kawaida kwenye bomba la kupimia, iwe na joto la nyuzi 20, kisha tumbukiza kipimo. Lebo ikisema kilevi ni asilimia 40 na kipimo kikagota kwenye 36, tofauti hiyo kuna kitu kimeileta. Alko ya Finland na Systembolaget ya Sweden, ambayo ni mashirika ya serikali ya kuuza pombe, huonyesha kiasi cha sukari cha vinywaji wanavyouza, na watu wengi tulifunguka macho kwa kusoma takwimu zao.

Sasa nizungumzie ninazozipenda. Ya kwanza ni Doorly's ya miaka 12, inayotengenezwa na Foursquare huko Barbados. Richard Seale, mwenye kiwanda hicho, amepinga hadharani kwa miaka mingi utiaji sukari, na ramu zake ndizo hoja yake kubwa. Humo huchanganywa ramu ya mtambo wa chungu, iliyo nzito, na ya mtambo wa nguzo, iliyo nyepesi. Mimi huinywa bila kuichanganya na kitu, kidogo kidogo, kwenye glasi yenye mdomo mwembamba. Usizamishe pua ndani. Kilevi kitakuchoma na hutasikia kitu. Shikilia glasi usawa wa kidevu, fungua mdomo kidogo, acha harufu ije yenyewe.

Jamaica ni habari nyingine kabisa, na hapa nitakawia. Viwanda vingi duniani humaliza kuchachusha molasi ndani ya siku moja au mbili. Kiwanda cha Hampden huiacha kwa muda wa wiki na zaidi, ndani ya matangi ya mbao, ikifanya kazi na hamira ya porini na bakteria. Huongezwa pia mabaki ya mkeneko uliopita, ambayo wenyewe huyaita dunder. Bakteria hutengeneza asidi, asidi hukutana na kilevi na kuzaa esta, na esta ndizo zinazokupa ile harufu ya nanasi lililoiva kupita kiasi, ndizi zilizoanza kuwa nyeusi, na nyuma yake kitu kama gundi. Anayekutana nayo mara ya kwanza hurudisha shingo nyuma. Mpe robo saa, atairudia glasi. Harufu nzito kiasi hicho haihitaji kusaidiwa na sukari, na Wajamaika hawaitii. Anayeona Hampden ni kali mno aanze na Appleton Estate, ambako mwaka 1997 Joy Spence alifanywa mchanganyaji mkuu, mwanamke wa kwanza kushika cheo hicho katika tasnia ya pombe kali. Ile Wray & Nephew nyeupe ya asilimia 63 wenyeji huichanganya na Ting, soda ya balungi, na sioni sababu ya kushindana nao.

Msidhani basi nina ugomvi na sukari yenyewe. Nendeni Martinique. Ramu yao hutokana na maji ya miwa mibichi na tangu 1996 inalindwa na kanuni za AOC za Ufaransa, zinazolinda jina la bidhaa na mahali inapotoka. Inanukia majani yaliyokatwa asubuhi. Kinywaji chao cha kila siku ni ti' punch. Kata kipande cha ndimu ubavuni, chembamba chenye ganda na nyama kidogo, kikamulie kwenye glasi juu ya kijiko cha shira ya miwa, kitumbukize humo humo, koroga, kisha mimina ramu nyeupe ya asilimia 50 au 55. Barafu hapana, kwangu mimi. Mwenyeji huweka chupa, ndimu na shira mezani na kila mgeni hujitengenezea, huyu kijiko kizima, yule matone mawili. Hiyo ndiyo haki ninayoidai: chupa ije kavu, utamu uamuliwe na mwenye glasi.

Hata mabaharia wa Uingereza walikuwa nayo. Mwaka 1740 Amiri Edward Vernon aliamuru ramu yao izimuliwe kwa maji, na waliotaka waliruhusiwa kubadilisha sehemu ya posho yao ya chakula wapate sukari na ndimu za kuikolezea. Mgao wa ramu katika jeshi hilo la majini uliendelea hadi tarehe 31 Julai 1970. Daiquiri ya Cuba nayo ni ramu, ndimu na sukari. Mimi hutikisa na barafu mililita 60 za ramu nyeupe, 25 za ndimu na 15 za shira, na siku ndimu zikiwa kali naongeza shira kidogo. Ukianza na ramu iliyokwisha kutiwa sukari, hesabu yote inavurugika na huna namna ya kuipunguza.

Kokakola na ramu sina neno nayo, ila tumia ramu changa. Ya miaka 12 itapotelea humo. Na zile za asilimia 60 na kuendelea zitiliwe maji kwa matone huku ukionja kila mara, kwa sababu kila chupa ina mahali pake pa kufungua harufu, nyingine kwenye asilimia 55, nyingine chini zaidi.