Kupigia dawa za Ebola kura: balitufanya kobayi ao balitusaidia?

Hapa Goma, ukigusa tu mambo ya ile Ebola ya 2018 mupaka 2020, bagonjwa 3470 na bafu 2287, haitakawia mutu aseme eti batu ba riposti (benye balikuja kupiganisha ile ugonjwa) balitufanya kobayi, ni kusema nyama ya majaribio. Na kitu chenye kinakasirikisha zaidi ni ile kura. Ku Beni, Butembo, Katwa na Mangina, kuanzia mwezi wa 11 wa 2018, mugonjwa akifika ku CTE (kituo cha kutunzia bagonjwa ba Ebola) na akikubali kuingia mu etidi ya PALM, utafiti wa kulinganisha dawa, munganga hakuwa anamuchagulia dawa, kura njo ilikuwa inamuchagulia kati ya dawa ine: ZMapp, remdesivir, mAb114 na REGN-EB3 (hii ya mwisho iliongezwa kisha). Kwa chanjo hakukuwa kura, kila mutu wa karibu na mugonjwa alipewa ile ile chanjo, na kwa hiyo hakuna mwenye alikasirika (balikasirika kwa mambo ingine mingi, lakini hiyo tuache).

Mi naona hizi mambo mbili zingepashwa kuzungumzwa pamoja, juu moja inaonyesha faida ya kura na ingine inaonyesha bei yenye tunalipa pale hakuna kura.

Benye kukataa kura biko na maneno ya nguvu, tusibacheke. Hii ugonjwa ilikuwa inaua zaidi ya nusu ya batu benye inashika. Kuanzia mwezi wa 8 wa 2018 dawa zilikuwa zinaweza kutolewa kwa huruma, ni kusema munganga anaangalia mugonjwa wake na anachagua. Sasa unatoa munganga, unaweka bahati? Tena ile kusaini karatasi: mutu iko na homa kali, anazungukwa na batu benye kuvaa mavazi ya kufunika mupaka macho, unamueleza etidi, atakuelewa namna gani? Hiyo swali mi sijaona jibu yake nzuri. Kitu kimoja tu kisemwe wazi, hakuna mutu mwenye alipewa maji tupu pa nafasi ya dawa mu PALM, bote balipata dawa yenye baganga balikuwa banaitumainia, pamoja na matunzo ya kawaida.

Lakini sasa angalia historia ya ZMapp. Hiyo njo ilikuwa dawa ya sifa. Wakati wa Ebola ya Afrika ya Magharibi baliijaribu na kura: kati ya batu 35 benye balipata matunzo ya kawaida tu, 13 balikufa (37%), na kati ya 36 benye baliongezewa ZMapp, 8 balikufa (22%). Ukisoma hivyo unaona dawa inaponya, si ndiyo? Shida ni kwamba hesabu ni kidogo sana, batu batatu ao bane tu bakibadilisha upande, ile tofauti inayeyuka, na ugonjwa uliisha mbele bapate bagonjwa ba kutosha, njo maana benye etidi benyewe balisema haitoshi kuhakikisha. Pamoja na hayo ZMapp ilifika huku Kivu kama dawa yenye zingine zitapimiwa kwake. Matokeo ya PALM, hesabu ya bafu mu siku 28: ZMapp 49,7%, remdesivir 53,1%, mAb114 35,1%, REGN-EB3 33,5%. Tarehe 9 mwezi wa 8 2019 kura ilisimamishwa kwa ile ine, bagonjwa benye kufuata bakapewa paka zile mbili za mwisho. Fikiri sasa kama tungebakia na uchaguzi wa munganga: angechagua nini? Angechagua ile ya sifa, na kwa roho safi kabisa.

Mutu atasema, bon, si tungeona tu kwa macho kama ZMapp inapoteza batu? Hapana, na hapa njo kiini cha mambo yote. Mu PALM, benye balifika na virusi mingi mu damu balikufa 84,5% na ZMapp na 69,9% na mAb114, na benye balifika na virusi kidogo balikufa 24,5% na 9,9%. Unaona vile hali ya mugonjwa inabeba uzito kupita hata dawa. Sasa munganga mwema, mwenye kuchagua, atapatia dawa yenye anaamini bale benye kuzidiwa, bafe bengi, na dawa nzuri itaonekana kama sumu. Kura haijue nani iko mahututi, inabagawa bila kuangalia uso, na kama batu ni bengi pande zote zinakaribia kufanana.

Na pale pale usikimbilie kusema REGN-EB3 inashinda mAb114 juu 33,5 ni kidogo kuliko 35,1. Ile ni bafu 52 kati ya 155 na 61 kati ya 174, tofauti yenye bahati peke yake inaweza kuleta asubuhi na kuondoa jioni.

Twende ku chanjo. Mu Guinea, 2015, kulikuwa kura: duara zingine (duara ni batu ba karibu na mugonjwa mumoja) zilichanjwa mara moja, zingine kisha siku 21. Matokeo, chanjo ilikinga kwa 100%, lakini mupaka wa chini wa ile hesabu (pa chini kabisa penye ukweli unaweza kuwa, ukihesabia bahati) ulikuwa 68,9, juu bagonjwa balikuwa kidogo. Kisha hiyo, kurudilia kura mu Nord-Kivu ingekuwa ukatili, hapo niko upande wa bale benye kukataa. Donk balichanja bote, na mu mwezi wa 4 wa 2019 OMS ikatoa hesabu ya haraka: 97,5%, mipaka 95,8 mupaka 98,5. Mu 2024 batafiti ba Epicentre (kikundi cha utafiti cha MSF, Baganga Wasio na Mipaka) na benzabo bakatoa ingine kwa njia ingine, kulinganisha benye balipimwa na bakapatikana na Ebola na benye balipimwa na habakupatikana nayo, ni nani kati yao alikuwa amechanjwa: 84%, mipaka 70 mupaka 92.

Mipaka hazigusane hata kidogo. Namna gani, na chanjo ni ile ile? Juu mipaka inapima paka bahati, haipime kama mulilinganisha batu benye kufanana. Mizani yenye kupindama pa soko inaweza kukupimia maharagi mara mia, kila mara kilo ile ile, na kila mara inakuibia. Mu hesabu ya OMS, mwenye hakuchanjwa ni nani? Pengine ni mwenye alikimbia, alijificha, ao hakuandikwa ku liste, na huyo haishi sawa na mwenye alikaa akangojea sindano. Tena upande mwingine, mwenye alichanjwa njo alikuwa karibu zaidi na mugonjwa, hiyo inaweza kuonyesha chanjo kuwa zaifu kuliko vile iko. Hata ile 84% inategemea jibu la mugonjwa mwenyewe kama alichanjwa, na mutu mwenye hofu anaweza kujibu lolote.

Mimi nikichagua ningetembea na 84, juu ni yenye kujaribu kulinganisha batu bote benye balifika pa mulango mumoja, bote na dalili. Chanjo yenye kupunguza hatari ya kushikwa na Ebola kwa 84 kwa mia ni kitu kikubwa sana, na mutu mwenye aliambiwa 84 hatasema alidanganywa siku jirani yake mwenye kuchanjwa atagonjwa. Mwenye aliambiwa 97,5 bila maelezo, huyo atasema, na atasema kwa sauti.