Waacheni madaktari wabishane
Kuna mwandishi anayelalamika kwamba madaktari wanaobishana hadharani kuhusu stenti za moyo, yaani vibomba vidogo vya kupanua mishipa ya moyo iliyoziba, wanatuchanganya wagonjwa. Sikubaliani naye hata kidogo. Jaribio la ORBITA, Uingereza 2017, lilikuwa na wagonjwa 200 wenye maumivu ya kifua: wengine waliwekewa stenti, wengine waliigiziwa tu bila kuwekewa, na wiki sita baadaye uwezo wao wa kufanya mazoezi haukupishana sana. Jaribio lililofuata, ORBITA-2 ya 2023, kwa wagonjwa walioachishwa dawa za maumivu ya kifua, likaonyesha stenti inayapunguza maumivu hayo. (Mshtuko wa moyo ni habari nyingine, huko stenti huokoa maisha.) Baba yangu alisaini fomu ya kuwekewa stenti akiwa kitandani tayari, dripu mkononi. Hakuna aliyemwambia angeweza kuanza na dawa. Angeusikia ubishi huu mapema, angalau angeuliza.