Zebaki au Sayanaidi: Dhahabu ya Kanda ya Ziwa na Kemia Yake

Namna ya kutoa metali kwenye mbale, yaani mawe yenye metali, huamuliwa na jinsi metali yenyewe ilivyo nyepesi kuungana na elementi nyingine. Alumini hushikana na oksijeni kwa nguvu kiasi kwamba tangu 1886 hutenganishwa kwa umeme mwingi. Chuma hakishikani nayo hivyo, na wahunzi wa Kihaya, magharibi mwa Ziwa Victoria, walikiyeyusha kwa mkaa karne nyingi kabla ya ukoloni. Dhahabu iko mwisho kabisa wa mpangilio huo: imo ndani ya jiwe ikiwa dhahabu tayari, ila imetawanyika katika chembe ndogo mno, na kazi iliyobaki ni kuzikusanya, ama kwa zebaki ama kwa sayanaidi.

Wanaotetea zebaki wana hoja ya kweli. Mchimbaji mdogo wa Geita au Misungwi akishasaga mawe kwenye karasha na kuyaosha mwaloni, yaani kwenye ubao wa mteremko unaopitishwa maji, hukamatisha dhahabu kwa zebaki ndani ya beseni, hukamua donge kwa kitambaa na kulichoma, na siku hiyohiyo anaweza kuwalipa vibarua. Sayanaidi hudai matangi, fundi, siku nyingi za kusubiri na mtaji asio nao. Lakini zebaki huchemka kwenye nyuzi 357 tu, kwa hiyo moto wa mkaa huigeuza mvuke unaovutwa na mchomaji na wanaomzunguka. Inayofika majini hubadilishwa na bakteria kuwa sumu kali zaidi, ambayo hujilimbikiza katika samaki wakubwa, na sangara ni mmoja wao.

Sayanaidi, iliyoanza kutumika kwa kazi hii baada ya 1887, huyeyusha dhahabu ndani ya maji kwa msaada wa oksijeni, kisha zinki, ambayo huungana kwa urahisi zaidi, huisukuma itoke kwenye maji hayo, au kaboni huinasa. Tope la mawe likisagwa vizuri, njia hii inaweza kutoa zaidi ya asilimia 90 ya dhahabu, ilhali zebaki mara nyingi huacha zaidi ya nusu. Sayanaidi ni sumu ya kuua papo hapo, na chokaa inayochanganywa nayo tangini ikipungua, hutoa gesi ya hatari. Hata hivyo, tofauti na zebaki, huvunjikavunjika juani na hewani.

Kwa maoni yangu sayanaidi ndiyo njia bora, isipokuwa pale inapomwagwa juu ya marudio, yaani mabaki ya mawe yaliyosagwa, yaliyokwisha kupitishwa kwenye zebaki. Hapo huyeyusha na zebaki pia, na kuisambaza majini kwa urahisi zaidi. Mkataba wa Minamata wa 2013 kuhusu zebaki, ambao Tanzania imeuridhia, unataka desturi hiyo ikomeshwe. Mara nyingi mchimbaji aliyevuta moshi humwachia mwenye mtambo wa sayanaidi marudio hayo pamoja na dhahabu iliyobaki ndani yake, kwa hiyo ukaguzi uanzie kwa mwenye mtambo, na gharama ya kuondoa zebaki kwanza iwe juu yake.