Nestroy alikuwa mwigizaji kwanza

Johann Nestroy wa Vienna huwekwa kwenye rafu ya waandishi wa tamthilia, na wengi wanaomsoma leo wanamjulia hapo tu. Nadhani tunamdhulumu. Tamthilia aliandika takriban 80, lakini nafasi alizoigiza zinazidi 800, na kila alipojiandikia nafasi aliikata kwa kipimo cha mwili wake mwenyewe: kimo kirefu, miguu mirefu isiyotulia, sauti nzito, na ulimi wa kasi kubwa.

Sauti ndiyo iliyotangulia. Alizaliwa Vienna tarehe 7 Desemba 1801, mtoto wa wakili, naye akaanza kusomea sheria. Tarehe 24 Agosti 1822 akapanda jukwaa la kifalme la Kärntnertor kuimba nafasi ya Sarastro katika Die Zauberflöte, opera ya Mozart. Sarastro ni besi, sauti nzito ya kiume, tena ya chini kabisa, na anayeiimba hana pa kujificha: anasimama wima, anavuta pumzi ndefu, hana ruhusa ya kuharakisha. Mwaka 1823 akahamia ukumbi wa Kijerumani wa Amsterdam, akakaa hadi 1825, kisha Brünn (leo Brno), kisha Graz na Pressburg (leo Bratislava). Mwaka 1827 huko Graz akaigiza Sansquartier, askari mzee wa kuchekesha, na tangu hapo vichekesho vikaanza kuisukuma opera pembeni. Mafunzo ya opera hayakupotea hata hivyo. Sentensi alizojiandikia baadaye ni ndefu, zimebeba vishazi vitatu vinne, na kichekesho kimewekwa mwisho kabisa. Mwigizaji akiishiwa pumzi katikati, hadhira haifiki kwenye kicheko.

Mwaka 1831 akaajiriwa na Carl Carl, mkurugenzi wa ukumbi wa Theater an der Wien huko Vienna, mtu mgumu katika mikataba lakini mwenye jicho la kuchagua waigizaji. Hapo alikuwapo mwigizaji Wenzel Scholz, mfupi na mnene, mzito wa mwendo. Nestroy mwembamba anayesema kama mvua, Scholz anayemtazama bila haraka: hadhira ilikuwa imeshaanza kucheka kabla neno halijatamkwa. Katika Lumpazivagabundus, tamthilia yake iliyoonyeshwa mara ya kwanza tarehe 11 Aprili 1833, mafundi watatu wanashinda bahati nasibu kwa namba 7359. Carl alicheza seremala, Scholz fundi wa nguo, na Nestroy akachukua nafasi ya Knieriem, mshona viatu mlevi anayeamini kwamba nyota yenye mkia itaiangamiza dunia, kwa hiyo haoni sababu ya kuacha pombe. Waigizaji wengi wanakosea hapa. Wanamcheza Knieriem kama mlevi anayeyumbayumba. Mlevi wa namna hiyo anachosha baada ya dakika tano. Knieriem ana hoja, tena anaiamini, na wimbo wake wa nyota unatisha pale tu unapoimbwa kwa uzito wa mtu aliyefanya hesabu zake.

Udhibiti nao ulimjenga mwigizaji huyu, ingawa si kwa namna inayosemwa mara nyingi. Neno halikufika jukwaani Vienna bila kupita kwa wadhibiti wa polisi. Muswada ulipelekwa, ukarudi umekatwa, na mwigizaji alitakiwa kusema kilichobaki, basi. Kuongeza maneno papo hapo lilikuwa kosa. Lilimgharimu mkataba Brünn mwaka 1826, na mwaka 1836 akafungwa siku chache kwa kumtukana mhakiki Franz Wiest akiwa jukwaani. Akajifunza kumtangulia mdhibiti: katika miswada yake alitia alama sehemu alizojua zitaleta taabu, akaandaa maneno laini ya kuweka badala yake. Usiku wa onyesho alitamka neno lile laini kama lilivyoidhinishwa, kisha akatua kidogo, akainua nyusi, au akavuta bega. Hakuna karatasi ya kuyakata hayo. Mwanafalsafa Friedrich Theodor Vischer alimwona na akachukizwa hasa na sauti na ishara zake, ushahidi kwamba makali yalikuwa mwilini zaidi kuliko kwenye maandishi.

Wapo wanaosema kwamba udhibiti ulimfaa, kwamba bila kamba asingejua kuruka. Sikubaliani nao. Udhibiti ulipoanguka kwa mapinduzi ya Machi 1848, aliandika Freiheit in Krähwinkel (Uhuru huko Krähwinkel), ikaonyeshwa tarehe 1 Julai mwaka huohuo, naye akacheza mwandishi wa habari anayebadilisha sura mara kadhaa. Humo anamwita mdhibiti penseli iliyogeuka mtu, au mtu aliyegeuka penseli. Huyo si msanii aliyelegea kwa kukosa kamba. Uhuru ule haukudumu, na hasara ni yetu.

Kwa anayetaka kumwelewa kwa tamthilia moja, nampa Der Talisman ya tarehe 16 Desemba 1840. Titus Feuerfuchs ana nywele nyekundu, na kila mlango unafungwa usoni pake kwa sababu hiyo. Anapata wigi jeusi, milango inafunguka. Wigi linaondolewa akiwa usingizini, gizani anashika jingine la rangi ya dhahabu, anapanda cheo tena. Mwishoni anavaa la mvi. Katika kila ngazi anabadilisha lugha, kama kijana wetu anayetoka kwenye Kiswahili cha kijiweni na kuingia ofisini na Kiswahili cha taarifa ya habari. Mama mwenye nyumba kubwa anapomuuliza kazi ya baba yake, Titus anasuka sentensi ndefu ya kiofisi kuhusu shughuli tulivu, iliyojitenga, ndipo anatamka kwamba mzee amekufa. Mama yule anavutiwa: kijana ametumia maneno ishirini matukufu kwa jambo la silabi moja (kwa Kijerumani, tot), bila shaka ana kipaji cha uandishi. Mwigizaji akikonyeza hadhira hapo ameharibu. Titus lazima aonekane anatafuta kibarua kweli, maana njaa yake ni ya kweli.

Zu ebener Erde und erster Stock (Ghorofa ya chini na ya kwanza) ya 1835 ni kazi ngumu zaidi kwa kundi dogo. Jukwaa lina ghorofa mbili, matajiri juu na maskini chini, na mambo yanakwenda kwa wakati mmoja. Wa juu wakiongea, wa chini hawagandi kama sanamu. Wanaendelea na shughuli za kimya kwa mpigo uliokubaliwa. Mpigo ukichelewa kidogo tu, sentensi za ghorofa mbili zinagongana na hadhira haisikii chochote.

Nestroy alirithi uongozi wa Carltheater, ukumbi wa Carl huko Vienna, mwaka 1854 Carl alipofariki, akauacha 1860, mwaka aliocheza Jupiter katika opera ya vichekesho ya Offenbach, akafa Graz tarehe 25 Mei 1862. Nyimbo zilizomo katika tamthilia zake ndizo zinazoharibiwa kuliko vyote siku hizi, kwa sababu watu wanaziimba zote kama zilivyochapishwa. Nyimbo za namna hii Vienna ziliongezewa beti mpya hadhira ilipotaka zaidi. Kundi linalomwigiza leo libakize kiitikio na beti mbili za mwanzo, kisha liandike zake kuhusu wiki hii, zisizidi tatu, na lizifanyie mazoezi pamoja na mpiga ala, kwa sababu mapumziko ya kicheko kati ya beti na kiitikio ni yeye anayeyapima.