Mbalanga: kabla ya kuilaumu kinga, tuulize ngozi imepakwa nini

Ukiuliza mbalanga, yaani ugonjwa wa ngozi kupoteza rangi na kutoka mabaka meupe (vitiligo), inatokana na nini unajibiwa haraka haraka "kinga ya mwili imejishambulia", basi, imeisha hiyo. Mimi jibu hilo halinitoshi hata kidogo, maana linaruka mwanzo wa stori yenyewe, yaani ile seli inayotengeneza rangi, melanosaiti, ilikuwa inapitia mateso gani kabla kinga haijaigeukia.

Angalia yaliyotokea Japani. Mwaka 2008 iliruhusiwa kemikali ya kung'arisha ngozi inaitwa rododendroli, kampuni ya Kanebo wakaiweka kwenye vipodozi vyao, na Julai 2013 wakatangaza kuviondoa sokoni kwa sababu maelfu ya wateja walikuwa wametokwa na mabaka meupe usoni, shingoni na mikononi. Sio wote waliopaka, ni kama 2 kwa kila 100.

Kinachoniuma ni jinsi ilivyotokea. Dawa iliwekwa ili imzuie tirosinasi, kimeng'enya cha kutengeneza rangi, kumbe kimeng'enya hichohicho ndo kinaigeuza kuwa sumu, kwinoni, inayong'ang'ania protini za seli na kuzibadilisha sura, huku seli inajaa oksijeni kali mpaka inaelemewa. Seli iliyoelemewa hainyamazi, inatoa protini za dharura kama HSP70, na hizo zikitoka nje zinatoka na vipande vya protini za rangi ambavyo kinga ilikuwa imezoea kuviacha, seli za ulinzi wa ngozi zinavidaka, zinazionyesha seli T, askari wa kinga wanaoua seli, na hapo seli T zinaanza kuwinda melanosaiti hata sehemu ambayo hukupaka kitu! Wengi rangi iliwarudia walipoacha, wengine haikurudi.

Na halikuwa jambo geni. Mwaka 1939 kule Marekani iliandikwa habari ya wafanyakazi wa kiwanda cha kusindika ngozi waliopoteza rangi mikononi kwa sababu ya kemikali ya monobenzoni iliyokuwa ndani ya glavu zao za mpira. Miaka zaidi ya 70 kabla ya Kanebo, jamani.

Lupasi, ugonjwa mwingine wa kinga kuushambulia mwili, nayo ina mambo yanayofanana, jua kali likiua seli za juu za ngozi, protini kama Ro zinasogea kwenye uso wa seli na kinga inaziona.

Sisemi kila mwenye mbalanga kapaka kitu, kurithi kupo na wengi chanzo chao hakijulikani. Ila daktari anayeandika dawa bila kuuliza mgonjwa anapaka nini, anafanya kazi gani, anashika gundi au mpira wa aina gani, kwangu mimi hajamaliza kazi, na huku kwetu kwenye mikorogo inayouzwa kwenye makopo yasiyo na maandishi swali hilo ni la lazima. Krimu ya ruksolitinibu iliyoidhinishwa Marekani 2022 kwa ajili ya mbalanga inazituliza kweli hizo seli T, nafurahi ipo, lakini ukiiacha mabaka yanaweza kurudi, na kama bado unashika ileile kemikali kila siku, melanosaiti zako zinaendelea kuteswa vilevile.