Kumbukumbu Moja ya Milele, na Mimi Simo

Siku tatu nzima nilikuwa nimemnunia mke wangu. Siku ya kwanza hakugundua. Ya pili hakugundua. Ya tatu nikaanza kununa kwa sauti, nikibamiza makabati na kuguna kila nikipita, na hata hapo akaniuliza kama kifua kinanibana.

Chanzo ni binti yetu wa pili, anayesomea saikolojia chuo kikuu. Zamani mtoto akirudi likizo alileta nguo chafu. Huyu analeta nguo chafu na maswali. Usiku huo tumekaa sebuleni, kila mtu na simu yake kama familia yenye amani, mara akainua kichwa: "Baba, mama, tuseme mmekufa."

Hivyo hivyo. Hata pole hakuna.

"Mmefika huko, mnaambiwa kila mtu achague kumbukumbu moja tu ya maisha yake. Ataishi ndani yake milele. Nyingine zote zinafutwa. Mngechagua ipi?"

Mimi nikajiweka sawa kwenye kiti. Swali kama hilo halijibiwi kwa pupa. Nikakohoa, nikatazama dari, nikaanza kuipitia miaka yangu 54 mmoja mmoja, nikidhani na mwenzangu yuko huko huko darini. Kumbe mama watoto hata miwani hakuivua. Akasema, "Ile jioni ya mvua. Niko dirishani peke yangu, nyumba kimya."

Dirishani. Peke yake. Nyumba kimya.

Miaka 27 ya ndoa, jamani! Nimebeba mizigo, nimebadilisha balbu, nimeua mende wa kila ukubwa, tena na wale wanaoruka. Leo mtu anapewa milele nzima achague, anachagua dirisha. Nikauliza kwa upole, ule upole wa mtu anayetafuta ushahidi, "Na mimi nilikuwa wapi?" Akajibu, "Si nimesema niko peke yangu?" Akarudi kwenye simu yake.

Nikaapa kulipiza. Na mimi nitatafuta kumbukumbu yangu, nzuri kupita yake, na yeye asiwemo hata kivuli.

Nikaanza na ile niliyoitunza kuliko zote. Niko mgongoni kwa mama, nimelaza shavu, sauti yake naisikia kwenye mgongo kabla haijafika sikioni. Hakuna deni, hakuna bosi, hakuna anayeniuliza funguo nimeziweka wapi. Hapo ningekaa milele bila kulalamika, na wanaonijua wanajua hilo si jambo dogo.

"Ulikuwa na umri gani, baba?" binti akauliza.

"Mwaka mmoja na nusu."

Akanitazama kama daktari anavyomtazama mtu aliyejitibu mwenyewe. Anasema watu wazima wengi kumbukumbu yao ya kwanza kabisa ni ya umri wa miaka mitatu na kitu. Kabla ya hapo mtoto anaona, anasikia, anajifunza, lakini ukubwani hana analoweza kulirudia kama tukio. "Hiyo ulisimuliwa, au uliiona kwenye picha." Picha ni kweli ipo kwenye albamu. Na aliyekuwa akinisimulia ni shangazi. Yaani nimefika umri huu nikijivunia kumbukumbu ya kuazima! Ningefika huko mlangoni nikakamatwa na mali ya shangazi.

Haya, tuiache. Nina bao langu.

Nina miaka 17, dakika za mwisho, mpira unanijia unadundadunda, nauunganisha bila kuutuliza, wavu unatikisika. Mke wangu simfahamu hata kwa jina. Safi kabisa. Tatizo ni kwamba bao hili nimelisimulia mno. Nilipoanza kulisimulia nilikuwa ndani ya kumi na nane. Nilipooa nilikuwa nje kidogo ya kumi na nane. Watoto walipozaliwa nilikuwa kwenye duara la kati. Siku hizi napigia golini kwetu, na upepo unanipinga.

Binti akafurahi sana, si kwa ajili ya bao, kwa ajili ya somo lake. Eti mwaka 2000 mtafiti Karim Nader na wenzake walionyesha kwa panya kwamba kumbukumbu iliyokwisha kukaa imara, ikiamshwa, inalegea upya, na ubongo lazima uihifadhi tena. Wakiuzuia ubongo usitengeneze protini muda ule ule, panya anasahau alichokuwa anakijua. Kwangu mimi maana yake kila nikisimulia bao nalitoa kabatini, watu wanalishikashika, halafu nalirudisha na mikunjo mipya. Kumbe ningelinyamazia lingebaki lilivyo. Nimelimaliza kwa mdomo wangu mwenyewe.

Hakuishia hapo. Mwaka 1974 Elizabeth Loftus na John Palmer waliwaonyesha watu filamu fupi za magari yakigongana. Walioulizwa magari yalikuwa kasi gani yalipopondana walikisia kama maili 40 kwa saa. Walioulizwa yalipogusana wakakisia kama 32. Filamu zile zile, kitenzi tu kimebadilika! Na kwenye jaribio la pili, wiki moja baadaye, wapo waliokumbuka kuona vioo vilivyovunjika, wakati kwenye filamu hakukuwa na kioo chochote kilichovunjika.

Nikamwambia, "Mimi sizungumzii magari. Mimi nazungumzia bao. Golikipa aliruka, nikamshinda."

"Una hakika golikipa alikuwepo?"

Tangu siku hiyo sina hakika na golikipa.

Harusi nilikuwa nimeshaiweka kando, maana mtuhumiwa yumo. Lakini kwa haki nikaikagua, nisije nikasemwa kwamba nilichagua kwa chuki. Kwenye harusi yangu nilivaa viatu vipya vilivyopungua namba moja. Sherehe nzima, kila ninapoonekana kwenye picha natabasamu, ni vidole vinalia. Na ilipokwisha, gari lililotubeba likazima njiani. Bibi harusi akashika usukani, bwana harusi akashuka kusukuma. Nimeusukuma msafara wa harusi yangu mwenyewe kwa viatu vile. Mke wangu huwa anaikumbuka sehemu hiyo kwa kicheko. Ni haki yake, yeye alikuwa amekaa.

Binti anasema ndivyo akili inavyofanya hesabu. Mwaka 1993 Daniel Kahneman na wenzake waliwaambia watu watie mkono kwenye maji ya baridi, nyuzi 14, kwa sekunde 60. Mara nyingine sekunde 60 zile zile, pamoja na nyongeza ya sekunde 30 maji yakipashwa polepole hadi nyuzi 15, bado ni mateso ila yamepungua kidogo. Walipoulizwa wangependa kurudia ipi, wengi wakachagua ile ndefu! Akili haijumlishi muda, inachukua kilele na mwisho. Sasa piga hesabu ya harusi yangu: kilele kiatu, mwisho kusukuma gari.

Na kuna jambo hakuna aliyetaka kunijibu humu ndani, hata huyo msomi. Kumbukumbu inakuja na mwili wake? Maana siku zangu nyingi za furaha nilikuwa nimebanwa na mkojo. Mahafali, nimebanwa. Safari ya kwanza ya ndege, nimebanwa, nimekaa dirishani, na wawili wa pembeni wamelala. Nikiichagua hiyo, je, ninabanwa milele? Na nguo ninazivaa zile zile? Kuna miaka nilivaa suruali ambazo sitaki malaika wazione. Mtu anauliza swali la milele halafu mambo ya utekelezaji hakuyafikiria.

Usiku sikulala. Saa nane niko na simu, nasoma habari za waliotangulia kujiuliza. Wagiriki wa kale walisema huko kuzimu kuna mto Lethe, marehemu akiyanywa maji yake anasahau kila kitu. Basi wapo waliozikwa na vibamba vyembamba vya dhahabu vyenye maelekezo: utaona chemchemi karibu na mvinje mweupe, hiyo usiikaribie, endelea mpaka ziwa la Kumbukumbu, waambie walinzi una kiu. Kimoja kilichopatikana Hipponion, kusini mwa Italia, kina umri wa miaka kama 2,400. Nikawahurumia. Mtu amekufa, ana kiu, kiza kimetanda, halafu anatakiwa asome maelekezo! Mimi maelekezo ya dawa ya kikohozi huwa nayasoma chupa ikishakwisha. Ningekunywa kwenye chemchemi ya kwanza, na bado ningelalamika maji si baridi.

Nikasoma pia kwamba watu wenye umri mkubwa wakiombwa wasimulie maisha yao, kumbukumbu nyingi zinaangukia kati ya umri wa miaka 10 na 30. Nina 54. Kwa hiyo hii miaka 24 iliyobaki ni nini, matangazo ya biashara?

Ndiyo nikarudi kwenye mwaka wangu wa 28. Korido ya hospitali. Nimekaa kwa muda wa saa tisa kwenye benchi la mbao, mguu mmoja umekufa ganzi, nimeshasoma bango la kunawa mikono mpaka nimelikariri. Mara mlango ukafunguka, muuguzi akaniwekea kitu mikononi bila kuniuliza kama najua kukishika. Kifungu cha nguo, na ndani yake uso mmoja mwekundu umekasirika. Ukafumbua jicho moja. Moja tu, kama mtu anayechungulia kuona aliyegonga ni nani. Akaniona. Akalifumba, akalala. Nadhani aliridhika, au alikata tamaa mapema, hilo mpaka leo sijamuuliza.

Sekunde 40, halafu muuguzi akamchukua.

Sekunde 40 kwa milele nzima, si nitachoka? Hapo nikamkumbuka yule Henry Molaison, Mmarekani ambaye binti huwa anamtaja kama vile ni jirani. Alifanyiwa upasuaji wa ubongo mwaka 1953, akiwa na miaka 27, kutibu kifafa. Wakaondoa sehemu ambayo baadaye ilikuja kujulikana kuwa ndiyo inayotengeneza kumbukumbu mpya. Alifariki mwaka 2008, na mtafiti Brenda Milner aliyemfuatilia kwa miaka mingi alikuwa mgeni kwake kila akiingia. Nikaona, kumbe inawezekana! Kama nyingine zote zimefutwa, hata ile ya sekunde iliyopita haimo. Jicho litafumbuka kila mara kama mara ya kwanza. Wa kuchoka hayupo.

Na kubwa zaidi, mke wangu hamo! Nilipiga ngumi hewani, saa tisa usiku, peke yangu jikoni.

Asubuhi nikavunja mnuno rasmi. Nikasimama mbele yake, nikasafisha koo. "Nimepata yangu. Niko koridoni hospitali, nimembeba mtoto wetu wa kwanza. Niko peke yangu." Hilo la mwisho nililikazia.

Akaweka kikombe chini. "Peke yako? Na mimi nilikuwa wapi?"

"Ulikuwa umelala. Mlango wa pili."

"Umejuaje kama nimelala?"

"Niliuliza. Kila muuguzi aliyepita nilimuuliza. Mmoja akanifukuza."

Akanyamaza kidogo. Kisha akacheka, kile kicheko cha kusukumwa kwenye gari.

"Na wewe ulikuwa umelala," akasema.

"Lini?"

"Jioni ile ya mvua. Watoto walikuwa kwa bibi yao, wewe umelala chumbani. Mara ya kwanza tangu unioe, hukukoroma. Kimya kikazidi mpaka nikaogopa. Nimekuja mara mbili kuangalia kama unapumua, ndiyo nikarudi dirishani."

Nikakaa. Nilikuwa nimejiandaa kwa mengi, hilo halikuwemo. Kwa hiyo nimo. Nimelala, nimefunikwa shuka, sina ninalosema, lakini nimo.

"Sasa kwa nini hukuniambia siku ile ile? Siku tatu nimenuna!"

"Najua umenuna," akasema, akikinyanyua kikombe chake. "Nyumba ilikuwa imetulia vizuri, nikaona nisiiharibu."